UPEPO NI NEEMA, UFUNDI NI AMANA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufunzwa upepo ni nini. Wazee wetu waliugawa mwaka kwa kaskazi na kusi kabla kalenda ya ukutani haijaingia majumbani mwetu. Kwa kaskazi majahazi yalikuja kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kwa kusi yalirudi yakiwa yamepakia boriti za mikoko. Upepo ulituletea tende na mazulia, ukatuletea vitabu na mashekhe, na wengi katika sisi tusingalikuwapo lau babu fulani hakubebwa na upepo mpaka bandari fulani akaoa.

Lakini upepo ule tulijua kuupokea kwa tanga. Leo ulimwengu waupokea kwa chombo kingine: mnara mrefu wenye mapanga matatu, uzungukao kimya kimya ukatoa umeme. Suali tunalotaka kuliuliza katika makala haya ni moja: ni nani anayefaidi upepo? Je, ni yule unayemvumia, au ni yule aliyefunzwa kuufanyia kazi?

Katika Qur'ani Tukufu upepo umetajwa mara nyingi kuwa ni mbashiri wa rehema ya Mola wetu. Na katika Surat Saba tumeelezwa kuwa Nabii Sulayman (a.s.) alitiishiwa upepo, mwendo wake wa asubuhi ukawa ni wa mwezi mzima na wa jioni ukawa ni wa mwezi mzima. Lakini tazama, kabla ya hapo kidogo atajwa baba yake, Nabii Daud (a.s.), aliyelainishiwa chuma. Je, baada ya kulainishiwa aliambiwa akae? La. Aliambiwa atengeneze deraya na apime sawasawa pete zake. Basi hata neema iliyokuja kwa muujiza ilikuja pamoja na amri ya kazi na kipimo. Haya ndiyo tutakayoyaona katika tarehe, in sha Allah.

KINU CHA UPEPO KATIKA TAREHE YETU

Mmoja katika mitajo ya kale kabisa ya kinu cha upepo katika vitabu vyetu umefungamana na msiba mkubwa. Wanahistoria, na miongoni mwao ni at-Tabari, wamesimulia kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alikutana Madina na mtumwa mmoja wa Kiajemi, Abu Lu'lu'a, aliyekuja kumshitakia kodi anayotozwa na bwana wake. Umar akamuuliza kazi zake. Akajibu kuwa ni seremala, ni mchongaji na ni mhunzi. Umar akaona kodi ile si kubwa kwa mtu mwenye kazi zote hizo, kisha akamwambia kuwa amesikia yeye aweza kutengeneza kinu kisagacho kwa nguvu za upepo, basi na amtengenezee. Yule mtu akajibu kwa fumbo: atamtengenezea kinu kitakachozungumzwa mashariki na magharibi. Siku chache baadaye, mwaka 23 wa Hijra, yaani 644, alimchoma kisu Amiri wa Waumini akiwa katika sala ya alfajiri.

Msomaji aikumbuke khabari hii, kwani tutairudia. Ufundi wa mikono ulikuwapo, tena wa kiwango kikubwa. Kilichokosekana kilikuwa moyoni.

Nchi iliyosifika kwa vinu hivyo ni Sistan, mpakani mwa Iran na Afghanistan ya leo, ambako wakati wa joto huvuma upepo mkali uitwao upepo wa siku 120. Al-Mas'udi aliiandika kuwa ni nchi ya upepo na mchanga, ambako upepo huzungusha vinu na kuvuta maji ya kumwagilia mashamba. Na huyu al-Mas'udi si mgeni kwetu: ndiye msafiri aliyefika pwani hii ya Zanj akarudi Oman mwaka 304 wa Hijra, yaani 916, kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wataalamu wengi hukiona kuwa ni Pemba. Mtu mmoja alijua vinu vya Sistan na majahazi ya Zanj.

Vinu vile vilisaga nafaka kwa karne nyingi. Katika kijiji cha Nashtifan, huko Khorasan, vingalipo mpaka zama zetu. Lakini ujuzi wake ulibaki baina ya baba na mwana. Haukuwekewa chuo wala madarasa, na kijana anapoondoka kijijini kwenda mjini, kinu kilibaki bila ya mtu wa kukiangalia. Upepo wa siku 120 haujaacha kuvuma. Waliopungua ni mafundi.

MWALIMU WA ASKOV

Sasa twende mbali, kaskazini ya Ulaya, katika nchi ndogo ya Denmark. Hikima twaichukua popote tuionapo.

Mwaka 1864 Denmark ilipigwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza sehemu kubwa ya ardhi yake. Palikuwa na shule moja ya aina mpya, shule ya watu wazima wa mashambani, iliyofunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa fikra za padri mmoja aitwaye Grundtvig. Mji ule ulipotwaliwa na adui, walimu wake walihama wakafungua shule nyingine mwaka 1865 katika kijiji cha Askov. Shule hizi hazikuwa na mitihani. Waliosoma humo walikuwa wana wa wakulima, wenye mikono iliyokwisha kushika jembe, nao walifundishwa tarehe ya nchi yao, dini yao, lugha na maarifa ya maumbile, ili warudi vijijini wakiwa watu wenye kujitambua.

Mwaka 1878 aliingia Askov mwalimu aitwaye Poul la Cour. Alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa mwenye cheo katika idara ya serikali, na kwa ubunifu wake katika mambo ya telegrafu angaliweza kukaa mji mkuu akatajirika. Alichagua kijiji. Aliona kuwa nguvu mpya za umeme na mashine zote zakwenda mijini kwenye viwanda, na mkulima wabaki nyuma gizani, hali upepo wavuma juu ya paa lake usiku na mchana.

Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, la Cour alisimamisha pale shuleni kinu cha upepo cha kutoa umeme. Shida ya kwanza ni ile aijuayo kila baharia: upepo hauna ratiba. Basi akautumia umeme kuyatenga maji yawe haidrojeni na oksijeni, akaiweka gesi ndani ya matangi, na kuanzia 1895 shule ya Askov iliwashwa taa kwa gesi iliyozaliwa na upepo. Hakukosa hasara: mara kadha gesi hizo zilichanganyika zikaripuka, na madirisha ya shule yakabidi kutiwa vioo vipya. Hakuacha. Alipima maumbo ya mapanga kwa kuyavuvia hewa ndani ya bomba, akathibitisha kuwa mapanga machache yaendayo mbio hutoa nguvu zaidi kuliko mengi yaendayo polepole.

Lakini jambo lake kubwa kuliko yote halikuwa la chuma. Mwaka 1903 alianzishwa chama cha kueneza umeme wa upepo mashambani, na mwaka 1904, yaani 1322 wa Hijra, alianza pale Askov masomo ya kuwafunza vijana ufundi wa umeme wa vijijini. Na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kinu kikishasimama kijijini, nani atakitia mafuta? Nani atatazama betri na tindikali yake, nani atavuta waya mpaka nyumba ya mjane bila ya kuichoma? Mvumbuzi ni mmoja na vijiji ni mamia. La Cour alifahamu kuwa mashine isiyokuwa na fundi wa karibu ni mzigo wa chuma tu.

Alifariki mwaka 1908, akaacha mafundi. Kufika mwaka 1918 vituo vya umeme kama 120 vya Denmark vilikuwa na mitambo ya upepo, mingi yao ya kilowati 20 mpaka 35, na upepo ulitoa kama asilimia 3 ya umeme wa nchi nzima. Kiasi hicho huenda kikaonekana kidogo leo, lakini wakati ule sehemu kubwa ya ulimwengu ilikuwa ikiwasha kibatari.

MWANAFUNZI WA 1904

Miongoni mwa waliokaa mbele ya la Cour mwaka ule wa 1904 alikuwamo kijana mmoja wa kama miaka 17, jina lake Johannes Juul. Alisoma, akatoka akafanya kazi ya umeme kama wenziwe. Miaka ikapita. Umeme wa makaa na mafuta ukawa rahisi, vinu vikaangushwa kimoja baada ya kimoja, na ilimu ya Askov ikaonekana kama nguo iliyopitwa na wakati.

Ujuzi hauzeeki, wamesema wahenga. Baada ya vita vya pili vya dunia Juul, akiwa mtumishi wa kampuni ya umeme na umri umekwisha kusogea, alirudia majaribio ya upepo. Mwaka 1957, akikaribia miaka 70, mtambo wake ulianza kazi Gedser, ncha ya kusini ya Denmark. Ulikuwa na mapanga matatu na nguvu za kilowati 200, nao ulitoa umeme moja kwa moja katika waya za taifa. Ncha za mapanga aliziwekea breki zijifunguazo zenyewe pindi mtambo ukizidi mbio, kama nahodha apunguzaye tanga tufani ikimjia. Ulifanya kazi mpaka 1967, kwa matengenezo machache.

Hesabu mwenyewe, msomaji: tangu somo la 1904 mpaka mtambo wa 1957 ni miaka 53. Mwalimu alikuwa kaburini kwa karibu nusu karne. Tumefundishwa kuwa mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa mambo matatu, na moja ni ilimu yenye kunufaisha. Kanuni hiyo ya elimu na matunda yake twaiona ikitenda kazi hata katika mambo ya dunia, kwa watu wasiokuwa wa dini yetu.

MAFUTA YALIPOADIMIKA

Mwezi wa Ramadhani 1393, Oktoba 1973, vilipozuka vita baina ya Waarabu na Israili, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta na bei ikaruka. Denmark wakati huo ilitegemea mafuta kwa zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za nguvu zake. Serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili. Watu wakakumbuka upepo.

Hapa ndipo tofauti ilipoonekana. Mataifa makubwa yaliwaita wahandisi wa makampuni makubwa, wakapewa mamilioni. Ujerumani ilijenga mtambo wa ajabu ulioitwa Growian, wa kilowati 3,000, mnara wake kama mita 100. Ulianza 1983, ukawa mbovu zaidi kuliko mzima, na 1988 ukabomolewa. Na Denmark? Waliotangulia walikuwa maseremala na wahunzi. Seremala mmoja, Christian Riisager, alitengeneza mtambo wa kilowati 22 kwa kufuata njia ya Juul. Mhunzi mmoja, Karl Erik Jørgensen, alishirikiana na kijana Henrik Stiesdal wakaunda wa kwao. Na huko Tvind, walimu na wanafunzi wa shule moja walianza mwaka 1975 kujenga kwa mikono yao mtambo ambao ulipowashwa 1978 ulikuwa mkubwa kuliko yote duniani, nao ungali wazunguka. Mambo ya viongozi wa shule hizo baadaye yalifika mahakamani, na hilo ni somo jingine. Lakini mnara waliousimamisha wanafunzi haukuanguka.

Mafundi hao walianza kwa kidogo, wakakosea kwa kidogo, wakarekebisha. Mwaka 1979 kiwanda cha Vestas, ambacho asili yake ni karakana ya mhunzi wa kijiji cha Lem mwaka 1898, kilichukua umbo la Jørgensen na Stiesdal kikaanza kuuza mitambo ya upepo. Mwaka 2023 upepo ulitoa zaidi ya nusu ya umeme wa Denmark. Asili ya yote haya si utajiri wa mafuta wala wa dhahabu. Ni nchi iliyokuwa na watu wengi walioguswa na ufundi, hata neema ilipobisha mlango ikamkuta mtu wa kuufungua.

VYUO VYA WANANCHI MAREKANI

Mitambo ya Denmark ilivuka bahari katika miaka ya 1980 ikapelekwa California, ambako serikali ilikuwa ikiwapunguzia kodi wenye kuweka fedha zao katika upepo. Nafuu hiyo ilipokatika mwisho wa 1985, soko likaanguka, na Vestas yenyewe ikafilisika 1986 kabla ya kuinuka tena. Twalitaja hili ili msomaji asidhani kuwa kazi hii ni njia tambarare. Siasa hujaa na kupwa kama maji. Kwa hiyo chuo kizuri hakimfungi mwanafunzi kwenye mtambo mmoja. Humpa umeme, mashine na hisabati kwanza, ili upepo ukitulia asikose kazi nyingine.

Marekani ina aina ya vyuo viitwavyo vyuo vya jamii. Cha kwanza cha umma, cha Joliet katika Illinois, kilianza 1901. Ni vyuo vya karibu na nyumbani, vya karo nafuu, vya miaka miwili, apatamo nafasi mtoto wa mkulima, mama aliyekatisha masomo, na mtu mzima ambaye kiwanda chake kimefungwa. Mwaka 2004 chuo cha namna hiyo, Iowa Lakes, kilianza katika mji mdogo wa Estherville masomo ya ufundi wa mitambo ya upepo. Iowa ni nchi ya mahindi na soya, tambarare, yenye upepo mwingi. Mwaka uliofuata chuo kilisimamisha mtambo wake chenyewe wa megawati 1.65, yaani kilowati 1,650, ili mwanafunzi asisome kwa picha. Mtambo huo ulitengenezwa na Vestas. Hivyo somo la Askov lilikuwa limevuka bahari, likarudi tena kuwa somo.

Wafundishwa nini? Wafundishwa umeme na jenereta, gia na mafuta yake, mapampu ya haidroliki, kukaza maelfu ya nati kwa kipimo maalumu wala si kwa kukisia, kusoma upepo na kusoma kompyuta ya mtambo. Wafundishwa kupanda ngazi ndani ya mnara wa kama mita 80, mikanda ya usalama mwilini, na kumteremsha mwenzao aliyezirai juu. Sisi twawajua wakwezi wetu wa minazi. Mnazi mrefu haufiki hata nusu ya urefu huo.

Takwimu za serikali ya Marekani za 2023 zahesabu mafundi wa mitambo ya upepo kuwa kama 11,400, na nusu yao wakipata zaidi ya dola 61,000 kwa mwaka. Idadi hiyo si kubwa kwa nchi kubwa kama ile, na hapa pana jambo la kuzingatia sana. Unapojengwa uwanja wa mitambo, huitwa watu wengi: wachimba misingi, madereva, walinzi, wabeba saruji. Ajira hiyo ni ya miezi. Minara ikishasimama, vibarua hulipwa wakaenda zao, wakabaki mafundi wachache watakaoitunza mitambo kwa miaka 20 na zaidi. Kibarua huondoka na kutwa yake, fundi hubaki na mtambo. Na kinachowatenga wawili hao ni miaka miwili ya kusoma.

AMANA JUU YA MNARA

Katika masomo hayo limo jambo moja ambalo twapenda kila mzazi alijue. Fundi hapandi mnara peke yake. Na kabla ya kugusa mashine, huuzima umeme na kuifunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe lenye jina lake. Wakiwa watatu, kufuli huwa tatu. Hakuna mwenye ruhusa ya kufungua kufuli la mwenziwe, hata awe ni mkubwa wake wa kazi, kwani nyuma ya kufuli lile pana roho ya mtu.

Na nati ambayo fundi ameandika kuwa ameikaza kwa kipimo, hali hakuikaza, nani ataijua? Juu kule hapana msimamizi. Ipo karatasi, lipo jina lake, na yupo Mwenyezi Mungu. Panga likichomoka baada ya mwaka mmoja, huenda yule mtu yuko mji mwingine na hakuna wa kumuuliza, lakini ataulizwa.

Sasa mkumbuke Abu Lu'lu'a. Seremala, mchongaji, mhunzi, mjuzi wa vinu: mikono mitatu katika mwili mmoja, na moyo mmoja uliojaa chuki ukaiharibu yote. Ndiyo maana hatusemi kuwa ufundi peke yake watosha, wala hatusemi kuwa kijana apelekwe chuoni madrasa ikaachwa. Chuo cha ufundi humpa kufuli, madrasa humfunza kwa nini asilifungue la mwenziwe. Askov yenyewe haikufundisha umeme peke yake; ilifundisha kwanza mtu ni nani na anadaiwa nini na watu wake.

NA SISI JE?

Tusije tukasoma haya kama hadithi za mbali. Mitambo 365 ya Vestas, yenye jumla ya megawati 310, ilisimamishwa karibu na Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, na ikazinduliwa rasmi Julai 2019. Mapanga yake na vipande vya minara yake viliteremshwa wapi? Bandari ya Mombasa, kisha vikasafirishwa kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,200. Kazi ya wahunzi wa Denmark ilipita mbele ya milango yetu. Huko Mufindi, mkoa wa Iringa, Tanzania nayo ilipata uwanja wake wa kwanza wa mitambo ya upepo mwaka 2020.

Tena milango ya kusomea haikuwa mbali nasi. Mwaka 1948 ilianzishwa Mombasa taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kwa juhudi za Aga Khan, Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Haroub na wengine, ili kijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki apate elimu ya ufundi. Masomo yalianza 1951, na uhandisi wa umeme na wa mashine ulikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1966 ikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 ikawa Politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wale walitambua jambo, wakatoa mali zao.

Na Tanzania, kuanzia 1975, ilifungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, na mfano wake ukachukuliwa kutoka shule zile zile za watu wazima za nchi za kaskazini, ndugu zake Askov. Vyafika zaidi ya 50, na pwani vimo, kama vile Kisarawe na Ikwiriri. Na Kinyasini, Unguja, kipo chuo kilichofuata njia ya chuo cha Tilonia cha Bara Hindi, ambamo kina mama wa vijijini, wengi wao bila ya elimu kubwa ya shule, wamefunzwa kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, wakarudi kuwasha taa vijijini kwao. Anayesema kuwa kazi hizi ni za watu fulani tu na aende akawatazame mama hao.

Basi kinachotuzuia ni nini? Tuseme kweli. Katika nyumba zetu nyingi mtoto aliyefaulu hutakiwa ofisi, na aliyefeli ndiye huambiwa akajifunze ufundi, kana kwamba spana ni adhabu. Binti huposwa na karani kabla ya fundi. Hii si dini. Nabii Daud (a.s.), mfalme, alikula jasho la mkono wake, na Mtume wetu (s.a.w.) akamsifu kwa hilo. Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alihesabu tiba, hisabu, ukulima, ufumaji na ushoni kuwa ni katika fardhi za kifaya: akiwapo wa kuzifanya, wengine wamesamehewa, asipokuwapo hata mmoja, mji mzima una dhambi. Tujiulize basi: mji uliozungukwa na upepo wa kaskazi na kusi, wenye jua la mwaka mzima, ukaagizia fundi kutoka nchi za mbali kila taa inapozimika, fardhi hiyo umeitekeleza?

Mzazi, huambiwi uuze shamba. Waambiwa mambo matatu. Kwanza, mwanao akipenda kufungua redio na kuifunga, usimkemee, mtafutie mwalimu. Pili, ulizia chuo cha ufundi kilicho karibu nawe, masomo yake na karo yake, kabla ya kuulizia ajenti wa kumpeleka mtoto ng'ambo kufanya kazi asiyoijua. Tatu, pale msikitini panapochangwa pesa za zulia jipya, na itengwe sehemu ya kumlipia karo yatima mmoja ajifunze umeme. Zulia litachakaa. Yatima yule atakuja kuwafunza wengine, nao wengine, na thawabu zake mtazikuta mbele ya Mola wenu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twamwomba Mwenyezi Mungu aliyeutiisha upepo na kukilainisha chuma awape vijana wetu mikono yenye ujuzi na nyoyo zenye amana, na awarehemu wote waliotutangulia katika kufundisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.